Nyeupe Juu ya Rhamu

Mwaka ule wa ukame nilichoka uchovu ambao usingizi haukuutoa. Ofisi yetu hapa Garissa ilikuwa ikitoa ramani ya malisho kila wiki, na mchoraji nilikuwa mimi.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Setilaiti hupita juu na kuigawa nchi katika visanduku vidogo, kila kisanduku kikapewa namba: kubwa penye majani, ndogo penye ukavu. Programu ya kuchora haijui Mandera wala Wajir. Inajua kuuliza tu. Safu ngapi? Kila safu ina visanduku vingapi? Kona ya kwanza iko wapi? Haya, nipe safu ya kwanza. Kati yake na data kuna kiolesura, yaani dirisha la kupitishia majibu hayo. Fikiria mbuzi wakitoka zizini kwa mlango mwembamba. Mtu mmoja amesimama mlangoni akitaja rangi ya kila mbuzi, mwingine amewapa mgongo, anasikiliza na kupaka rangi ukutani. Anayepaka hana macho. Ana masikio tu.

Asubuhi moja alinipigia simu mdogo wa marehemu baba yangu, anayefuga ngamia upande wa Kutulo. Mimi humwita adeer, naye huniita vivyo hivyo, ndiyo desturi yetu. Alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao.

"Adeer, kisima kimebaki matope. Nihamie Rhamu au Eldas? Nikikosea safari hii, ngamia wa maziwa wamekwisha."

"Ramani bado inachorwa. Nipe hadi alasiri."

"Ngamia hawajui alasiri."

"Na kompyuta haijui ngamia. Ningoje."

Alicheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu. Zamani asingeniuliza mimi. Kabla ya kuhama, wafugaji wetu hufanya sahan: mtu hutangulia kwenda kuyaona malisho kwa macho yake, akarudi na habari. Tangu ramani zetu zianze kufika kwenye simu, wengi wameacha. Kwa nini umchoshe mtu na pikipiki wakati picha iko mkononi?

Ramani ilipotoka, Rhamu yote ilikuwa nyekundu, rangi ya ukavu. Eldas ilikuwa na kijani hafifu. Jibu lilionekana wazi, na nilikwisha kushika simu nimwambie. Nikaiweka. Wiki iliyotangulia Rhamu ilikuwa na kijani, na nchi hainyauki yote kwa wiki moja, tena bila kusaza hata ukingo wa mto Daua unaopita hapo, ambako watu humwagilia mashamba.

Nilimwita mwenzangu wa meza ya pili, fundi wa programu kutoka Nairobi.

"Dadangu, labda shetani amepita na kiberiti," alisema.

"Shetani angeanza na hiyo feni yako inayotupulizia joto. Hebu fungua namba zenyewe."

Alizifungua. Juu ya Rhamu hapakuwa na namba yoyote. Wingu lilikuwa limefunika, setilaiti haikuiona ardhi. Programu ya kuchora ilikuwa imesasishwa karibuni. Toleo la zamani lilikitambua kisanduku kitupu lenyewe, lakini hili jipya lilitaka tupitishe dirishani kitu cha pili, kuonyesha visanduku vya kuachwa. Hakikupitishwa. Utupu ukasomwa sifuri, sifuri ikapakwa nyekundu. Wa mlangoni alinyamaza, na wa ukutani akadhani kimya nacho ni rangi.

Kurekebisha hakukuchukua muda. Lakini ramani mpya ilikuwa na shimo kubwa jeupe kaskazini.

"Tujaze na namba za wiki jana," mwenzangu alisema. "Wakubwa hawapendi ramani yenye tundu."

"Na mtu wa Kutulo atajuaje kwamba ni za wiki jana?"

Alikuna shingo. "Basi, iache nyeupe."

Nilimpigia adeer, aliyekuwa bado kilimani akiningoja.

"Rhamu ni nyeupe," nilimwambia.

"Nyeupe ni nini? Majani au mawe?"

"Nyeupe ni kwamba hatujui. Kulikuwa na wingu, hatukuona chini yake."

"Subhanallah. Chombo kinatazama kutoka mbinguni, kinashindwa na wingu?"

"Kinashindwa, adeer. Na Eldas majani ni kidogo, na kila mwenye simu anaiona ramani hii hii. Mifugo yote itakwenda huko. Tafadhali, tuma mtu Rhamu kwanza."

"Sahan? Mkwe wangu ana pikipiki, lakini petroli ni shida. Na hawa wanywe matope hadi arudi?" Alishusha pumzi. "Nilikuomba jibu, umenipa kazi."

"Najua."

Ningeweza kumfariji. Sikuwa na neno la kweli la kumfariji nalo, kwa hiyo nilimweleza tena, polepole, maana ya kila rangi, naye akasikiliza hadi mwisho.

Adeer alinipigia tena mkwe wake aliporudi kutoka Rhamu. Sauti ilikuwa chini. Ngamia jike mmoja, mzee, alikufa wakati wa kungoja.

"Wengine je?"

"Wamesimama. Mvua imepiga upande wa juu wa Rhamu. Majani si mengi, lakini yapo, mkwe ameyafunga nyuma ya pikipiki, nimeyaona." Nyuma yake kengele za mbao za ngamia zilikuwa zikigonga, na mtu akipiga kelele za kuondoa kundi. "Tunatoka sasa, adeer. Usinipigie, mtandao unaishia hapa."