Maana ya "shore up" niliyofundishwa na ukuta wa nyumba yetu Katuba

Heshima kwenu wakuu.

Kuna mwenzetu ameuliza humu "shore up" ina tofauti gani na "strengthen". Mmempa majibu ya kamusi, mazuri tu. Mimi nampa la nyumbani kwetu Katuba, Lubumbashi, na sitatia chumvi. Halihitaji.

Ilikuwa enzi zile Zaire inaporomoka. Wanajeshi hawalipwi, wakaingia mitaani kupora. Sisi tuliita pillage. Waling'oa mpaka mabati ya nyumba za watu.

Baba akapata akili. Akaezua mabati yetu mwenyewe, akayafukia kwenye matuta ya viazi nyuma ya nyumba.

Waporaji wakafika, wakatazama juu, wakaona mbingu, wakadhani wenzao wameshapita. Wakaondoka zao. Baba alizunguka mtaa mzima akisimulia.

Kesho yake mvua ikanyesha.

Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi. Tulipoezeka tena, ukuta wa chumbani ulikuwa umeinamia kitanda. Baba akaleta miti, akauegemeza.

Jirani yetu mmoja alikuwa anafundisha Kiingereza wale waliotaka kukimbilia Zambia. Akaja kutupa pole, akaiona ile miti.

"Hii Bangereza banaita shore up," akasema. "Kitu inataka kuanguka, unaishikilia kwanza."

"Basi sasa iko solide," baba akajibu.

"Hapana, papa. Ya solide ni strengthen. Hii ni ya kungojea tu."

Mama akauliza, "Kungojea mupaka lini?"

"Kingereza haisemi, mama."

Baba yangu alikuwa mbishi, Mungu amrehemu. Mchana huohuo akajilaza kitandani pale pale. Tulimsihi atoke. Mimi nililia, na sikuona aibu. Akasema hawezi kufukuzwa na udongo alioukanyaga kwa miguu yake akifyatua matofali.

Mama hakubishana. Akamchukua mdogo wetu, kichanga bado, akaja akalala naye upande wa ukuta.

"Si umesema iko solide? Basi miye na mutoto tunalala hapa."

Baba akamtazama mtoto. Akautazama ukuta. Akainuka, akambeba mtoto, akatoka nje. Mama akafuata na godoro.

Siku chache baadaye tuko uani tunakula bukari, yaani ugali, ukuta ukaja chini. Kitanda kilivunjika katikati. Baba akanawa mikono, akasema anaenda kutafuta udongo.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza: uki-strengthen, lala ndani. Uki-shore up, toa watu kwanza, halafu ujenge. Wakubwa wa nchi yetu nao waliiegemeza kwa miti, wakatuambia tulale.

Ila kinachonikaa moyoni si ukuta. Baba alikuwa anajua muda wote. Kwa roho yake alibisha, kwa ya mtoto hakubisha hata kidogo.

Haya, na wewe unayesoma: nyumbani kwako kuna kitu gani kimeshikiliwa na miti, na nani analala chini yake? Tiririka hapa chini.