Mama Mkwe, Mashine ya Taipei na Mwiko wa Wali

Mama mkwe wangu aliizaba mashine ya pesa kofi.

Si kofi la utani. Kofi la nguvu, paa! Mchana kweupe, katikati ya Taipei, watu wanapita, na mlinzi amesimama pembeni anatuangalia.

"Rudisha!" akaifokea. "Nimesema rudisha, mwizi wewe!"

Mashine kimya. Mlinzi akaanza kusogea.

Mimi nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa Osaka angefanya mkwewe akimtia aibu ugenini. Nikajifanya simjui.

Lakini ngoja niwaeleze tulifikaje pale, maana mkisikia kofi peke yake mtasema bibi wa watu ana wazimu.

Naitwa Chizuru. Tuna duka la okonomiyaki, zile chapati nene za kabichi, kule Tengachaya, ndani ya mtaa wa maduka. Mimi nakata kabichi tangu asubuhi, mume wangu Norio anageuza kwenye bati la moto, na mama yake, Fusae, anakaa kwenye kiti kando ya droo ya pesa. Ana miaka sabini na sita. Habanduki pale isipokuwa anapokwenda chooni, na chooni anaenda na ufunguo wa droo.

Sasa, kwetu mwenye mwiko wa wali ndiye mwenye nyumba. Yeye ndiye anayefunua sufuria, anayepakua, anayeamua nani aongezewe. Na anayepakua wali ndiye anayeshika pesa zote, za duka, za umeme, hadi za mfukoni za mume. Mama mkwe akichoka anamkabidhi mke wa mwanawe mwiko, basi, utawala umehama.

Wenzangu wote pale mtaani walishakabidhiwa. Yule wa duka la tofu alipewa mapema kabisa, na hakuacha kutusimulia.

Mimi? Mwaka wa ishirini na mbili wa ndoa nilikuwa bado naomba hela ya soksi. Na risiti napeleka.

Nilikuwa nautaka ule mwiko, jamani. Nilikuwa nauota.

Basi mwaka huo kwenye bahati nasibu ya mtaa, ile ya kuzungusha sanduku mpaka kigololi kidondoke, Mama akazungusha. Kikadondoka cha dhahabu. Kengele ikalia, watu wakapiga makofi. Tiketi mbili za Taipei, hoteli ndani yake!

Norio akasema yeye atabaki kuangalia duka. Nilimwona alivyokuwa anabana tabasamu.

"Nitakwenda na wewe," Mama akaniambia. "Tukirudi hujanipotezea hata yeni moja, mwiko nakukabidhi."

"Kweli, Mama?"

"Mimi nimewahi kukutania?"

Hajawahi. Hiyo ndiyo shida yake.

Uwanja wa ndege tukapita kwenye kaunta za kubadilishia pesa. Nikapunguza mwendo. Mama akanivuta mkono.

"Wewe unakwenda wapi? Hao ni wezi, wamevaa tai tu. Tutatoa hukohuko kwa kadi yangu. Nimeona kwenye televisheni."

Na msimcheke, hesabu yake ilikuwa sahihi. Ukitoa pesa kidogo kwa kadi ya mkopo ukiwa nje, ukarudi na kulipa haraka, riba inakuwa ndogo kuliko kile wanachokukata kaunta. Ila lazima ubonyeze kiasi sawasawa, na lazima ulipe mapema.

Kwenye kubonyeza ndipo kimenuka.

Mama akitoa pesa Osaka, miaka yote hutoa elfu ishirini. Kidole kimeshazoea, hakimsubiri mwenyewe. Tulipofika kwenye ile mashine ya Taipei kidole kikaenda kilekile, elfu ishirini. Sasa elfu ishirini ya kule, ukiigeuza kuwa yeni, inakaribia laki moja!

Mashine ikatema bunda.

Mama akaliangalia. Midomo ikacheza kidogo, anapiga hesabu, na kwa hesabu bibi yule hana mpinzani. Kisha nikaona rangi inamtoka usoni.

Ndipo kofi likatua.

Mlinzi alikuwa kijana mpole, anakijua Kijapani cha kuokoteza. Akamkuta Mama anazisukuma noti kwenye kile kitundu zilikotokea.

"Bibi," akasema, "hii inatoa tu. Haili."

"Haili? Imeshanila mimi!"

Nikaona hakuna jinsi, nikajitokeza. Nikamwinamia kijana wa watu, nikamwinamia na mashine pia kwa kuchanganyikiwa, nikamkalisha Mama kwenye ngazi.

"Chizuru, mwanangu," akasema.

Nikashtuka. Mama hajawahi kuniita mwanangu isipokuwa anataka kitu.

"Hii si pesa yangu, ni mkopo. Riba inaanza lini?"

"Imeshaanza, Mama."

"Mbona nikinunua kitu kwa kadi wananisubiri hadi siku ya kulipa?"

"Hiyo ni ya kununua. Ya kutoa taslimu haisubiri mtu. Inahesabiwa kuanzia leo."

"Kiasi gani?"

Nikapiga hesabu kwenye simu. "Bei ya yai moja na nusu. Kwa siku."

Akashika kifua.

"Yai na nusu! Hata nikiwa nimelala?"

"Hata ukilala."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili, Mama."

Akataka tuwapigie wenye kadi palepale, alipe deni kabla jua halijazama. Nikamwambia kupiga simu Japani kutoka huku ni ghali. Hakunisikiliza. Akapiga. Muziki ukalia weee. Alipopokelewa akaanza kuiinamia simu, pale ngazini, watu wanaruka miguu yake.

Mhudumu alikuwa na adabu kupita kiasi. "Samahani sana mteja wetu mpendwa, kumbukumbu ya pesa uliyotoa bado haijatufikia. Tafadhali piga tena baada ya siku chache."

"Deni halijafika, ila riba imefika?"

"Ndiyo, mteja wetu mpendwa."

"Riba imepanda ndege gani hiyo?"

Nikamgusa bega, nikamwonyesha gharama ya simu ilipofikia. Siyo yai tena, ni trei nzima ya mayai.

"Kata!" akapiga yowe. "Kata, kata, kata!"

Akakaa. Akanuna. Na mimi moyo ukanishuka, maana nilimjua. Bibi huyu akirudi Osaka na huo uso, hasara itaandikwa kwangu na mwiko nitausikia kwa jirani. Miaka ishirini na mbili ya kabichi, yote imekwenda na maji.

Hapo shetani akaniingia.

"Mama," nikamwambia kwa sauti ya upole, "hii pesa inakula yai na nusu kila siku. Wewe duka lako lote umewahi kumlisha mtu asiyefanya kazi?"

"Ng'o!"

"Sasa hii ikikaa tu kwenye pochi, si unamlisha mvivu?"

Akageuka kunitazama.

"Ifanyishe kazi, Mama."

Bibi aliyewahi kuninyima chai kwa kupumzika kidogo akasimama, akajipangusa sketi.

"Twende," akasema. "Haiwezi kula bure."

We acha tu! Tukaanza na supu ya tambi na nyama ya ng'ombe. Halafu kukandwa miguu, akapiga makelele hadi mkandaji akaomba radhi. Halafu barafu ya maembe, bakuli kubwa kama beseni. Alipomaliza akalamba kijiko, akauliza, "Bado inakula yai?"

"Bado inakula."

"Agiza jingine."

Na akacheka. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake. Kilitoka kwa shida, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, lakini kilitoka. Nikajikuta nacheka naye, na nawaambia ukweli, siku ile nilimpenda yule bibi.

Kesho yake akaanza kuugua tumbo.

"Naenda msalani," akasema, tukiwa madukani. Akapotea saa mbili nzima. Nilikaribia kuita polisi, ndipo akatokea amenyooka, ananukia, na jicho moja lina kope ndefu kuliko la pili.

"Mama, hiyo kope vipi?"

"Upepo."

Jioni tumbo likamuuma tena. Na siku ya kuondoka, tena. Nikajisemea ni yale maembe.

Tulipofika nyumbani Tengachaya, hakufungua hata sanduku lake. Akavua viatu, akapitiliza jikoni, akarudi na mwiko. Akamwita Norio aje kushuhudia. Akapiga magoti kwenye mkeka na kuushika kwa mikono miwili.

"Chizuru, mwanangu. Umenitunza vizuri. Kuanzia leo nyumba hii ni yako, na kila kilicho chake ni chako."

Nililia. Nililia kama mtoto. Norio akalia, Mama akajifuta macho kwa leso. Jioni ile nikafunua sufuria mimi mwenyewe, mvuke ukanipiga usoni, nikampakulia Mama bakuli la kwanza likafanya kilima.

"Wali wako mtamu," akasema. Khaa! Wali uleule!

Siku chache baadaye, kama mwenye nyumba makini, nikamweka Mama kando yangu ajitambulishe kwa wenye kadi, kisha nikaichukua simu nimalize lile deni kabla halijanenepa. Mama akarudi kwenye televisheni yake.

"Ninataka kulipa mapema pesa iliyotolewa Taipei," nikasema.

"Ahsante sana mteja wetu mpendwa. Zote tatu?"

"Zote tatu zipi? Moja."

"Zipo tatu, mteja wetu mpendwa."

Nikakaa chini.

"Tena umefanya vizuri kupiga," akaendelea. "Kadi hii imewekwa kwenye mpango wa kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Ingekwenda muda mrefu sana, na riba yake."

Nikakumbuka. Ule mpango Mama aliusaini dukani kwa sababu waliosaini walipewa sufuria ya bure.

Nikalipa. Nikalipa yote siku ileile, kutoka kwenye pochi ya nyumba, pochi yangu, niliyoishika hata wiki haijaisha. Ilikuwa pesa ya friji jipya la duka. Nikamfuata sebuleni, mwiko mkononi. Anakunywa chai.

"Mama. Mara tatu?"

Hakugeuza hata shingo.

"Mambo ya pesa muulize mwenye mwiko," akasema. "Mimi ni bibi tu. Sina hata hela ya soksi."

Nilichoka. Jamani, nilichoka! Nikamtazama Norio, Norio akatazama dari.

Kumbe alinikabidhi deni. Alijua kabisa mwenye mwiko ndiye mlipaji, ndiyo maana hakungoja hata kufungua sanduku.

Mwezi uliofuata kikafika kifurushi kutoka Taipei. Kizito. Mama akakipokea kabla yangu, akakifungulia juu ya meza ya duka, wateja wanakula.

Albamu. Na ndani yake, ukurasa baada ya ukurasa, Fusae wa Tengachaya kavaa kanzu nyekundu ya malkia wa kale, taji kichwani, pepeo mkononi, mdomo mwekundu, kope ndefu mpaka nyusi. Kule kuna studio wanakuvika na kukupamba, wanakupiga picha. Tumbo lilikuwa linamuuma huko! Awamu tatu za mavazi, na kwa kuwa ukilipa taslimu wanapunguza bei, bibi akawa anakimbilia mashine.

Wateja wakashangilia. Yule wa duka la tofu akaitwa kuja kuona, akaona, akaondoka bila kuaga.

Mimi nilikuwa tayari kulipuka. Nimefungua mdomo kabisa. Mama akafika ukurasa wa mwisho, akaugeuza upande wangu. Pale hakuwa na taji. Kavaa kanzu nyeupe, nywele zimesukwa vizuri, anatabasamu.

"Hii," akasema taratibu, "ndiyo mtakayoweka siku ya mazishi yangu."

Wateja wakaacha kula.

"Maisha yangu yote picha ninazo mbili. Ya harusi, na ile ya leseni ya duka. Ulitaka watu wanifukizie ubani nimevaa aproni, nimenuna?"

Nikafunga mdomo. Nikaichukua ile picha, nikaitazama, na machozi yakanitoka mbele ya wateja. Alikuwa mzuri. Sikuwahi kumwona hivyo, na tumelala nyumba moja ndoa yangu yote.

"Na hizi nyingine zote, Mama?"

"Hizo ni za kumkera yule wa tofu."

Ndugu zangu, funzo ni hili. Ukiwa nchi ya watu bonyeza tarakimu kwa macho, usiachie kidole. Pesa taslimu ya kadi haikungojei hata siku moja, kwa hiyo ukirudi piga simu ulipe, na uulize umetoa mara ngapi. Mikataba yenye zawadi ya sufuria isome.

Na mtu aliyekunyima madaraka miaka ishirini na mbili, akikukabidhi kabla hata hajafungua sanduku la safari, mshukuru, mwinamie vizuri, halafu muulize anadaiwa na nani.