Baba na Chumvi ya Mama

Mama yangu ana sifa moja mtaani kwetu Bagamoyo, nayo inamtosha: muhogo wa nazi. Hana nyingine na wala haitafuti.

Kila Ramadhani, tangu mimi sijaolewa, nyumba yake hupeleka sinia moja la futari msikitini. Wanaume wakishafungua kwa tende na kusali magharibi, hukaa barazani kuzunguka masinia yaliyotoka majumbani. Wengine hupeleka maboga, wengine tambi, mwenye uwezo hupeleka pilau. Sinia la mama lina muhogo wa Kiwangwa uliopikwa kwa tui zito, na samaki wa kukaanga juu yake. Kwa miaka yote lilikuwa la kwanza kumalizika. Baba hulibeba mwenyewe kwenda, na hulibeba mwenyewe kurudi. Likifika nyumbani mama hufunua kawa, akatazama, asiseme kitu, akaliweka pamoja na vyombo vya kuosha. Likiwa tupu, mama amefuturu, hata kama hajala.

Mimi ni mshonaji, nakaa nyumba ya tatu kutoka kwao na mume wangu. Kwa watu wengine Ramadhani ni mwezi wa ibada. Kwangu mimi ni mwezi ambao wanawake wa mji mzima huleta vitambaa siku ya ishirini, wakataka magauni ya Idi siku ya ishirini na nane, na ukimwambia mtu hutawahi anakuuliza kama umefunga au umeshinda njaa tu. Nasema haya ili nisilaumiwe sana. Kujilaumu nitajilaumu mwenyewe.

Mwaka huo, mwezi wa Shaabani, mama alipata mafua makali. Homa ilimshika siku tatu na pua ikaziba wiki mbili. Halafu akainuka, akafagia uwanja, akasema amepona. Sote tukasema alhamdulillah na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Siku ya tano au ya sita ya mfungo nilikwenda kufuturu kwao. Muhogo ulikuwa na chumvi. Sisemi ulikuwa umekolea, nasema ulikuwa na chumvi. Nilikunywa maji bilauri tatu. Mama siku hiyo alikuwa anakunywa uji tu, anasema tumbo halijakaa sawa. Nikamtazama baba, ambaye alikuwa ametoka msikitini na bado akawekewa sahani nyingine. Anakula taratibu, jasho linamtoka.

"Alhamdulillah," akasema. "Mwenzangu, leo umepatia."

Baba yangu hajawahi kukisema vibaya chakula. Alikuwa fundi wa boti kule Mbegani kabla hajastaafu, na boti alizisema vibaya, na wenye boti, lakini chakula kamwe. Mimi nikiwa msichana niliwahi kupika mchuzi wa samaki nikatia sukari nikidhani ni chumvi. Baba alikula, akaomba aongezewe. Ukimuuliza atakwambia Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwahi kukitia chakula ila. Basi. Mjadala umekwisha.

Kwa hiyo nikajiambia kosa ni la ulimi wangu. Mtu aliyeshinda na njaa tangu alfajiri, ulimi wake si wa kuaminika. Tena mpishi wa Ramadhani hupika kwa kukisia, chumvi siku haipo, siku imezidi, na mfungaji mwenye adabu hunyamaza. Nikanyamaza. Mimi, ambaye mume wangu anasema hata usingizini ninagomba, nikanyamaza siku ambayo ningesema.

Siku ya ishirini na mbili, baada ya alasiri, baba alirudi kutoka msikitini akakaa kibarazani kwake akashindwa kuinuka. Kichwa kilikuwa kinampasuka, na miguu imevimba hadi ndala haziingii. Mama alikuja mwenyewe kuniita, bila ushungi, nikajua hapo kuna jambo. Mume wangu akaleta bajaji, tukampeleka hospitali.

Presha ilikuwa juu. Nesi alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya mnadani.

"Shikamoo mzee. Chumvi unakula?"

"Marahaba. Nakula ya kawaida."

"Naweka kidogo tu," akasema mama. "Ya vidole viwili."

"Kidogo tu," akasema baba, akiitikia kwa kichwa.

Nesi akasema kuanzia sasa hata hiyo kidogo aache, na mfungo wa mwaka huu kwake umekwisha, atalipa akipona. Wakamlaza. Baba alilalamikia mfungo kuliko kichwa.

Kesho yake mama akampikia ndizi kwa samaki, akatia kwenye hotipoti, akaniambia nipeleke mimi, yeye atakuja alasiri. Nikamuuliza kama ametia chumvi. Akanitazama kama vile nimemuuliza kama ametia sumu. Nikaondoka.

Baba akakaa kitandani, akasema bismillahi, akatia kijiko mdomoni. Akaacha kutafuna. Akatazama dari. Machozi yakaanza kumteremka mashavuni.

"Baba, unaumwa wapi?"

"Siumwi. Namshukuru Mungu."

Akachota kijiko cha pili. Hapo nikamnyang'anya. Mfungaji anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi akiwa na dharura, kisha ateme, na kama ile haikuwa dharura basi sijui dharura ni ipi. Nikagusa, nikatema kwenye leso. Astaghfirullah! Bahari ya Mbegani nayo ina chumvi, lakini mtu halishwi kwa kijiko.

Wakati huo mume wangu akaingia na chupa ya maji. Ni mtu mpole, mwenye heshima, na siku hiyo heshima yake ilitaka kuniua.

"Hebu niambie," nikamwambia. "Sinia la mama msikitini mwaka huu mnalionaje?"

Akatazama viatu vyake.

"Nimekuuliza."

Akasema. Tangu siku ya tatu watu walianza kuhama kwenye sinia la mama, mmoja mmoja, kwa adabu. Mmoja alisema siku hizi anapenda tambi. Mwingine alisema meno. Hakuna aliyetaja chumvi, maana nani atakuwa wa kwanza kuitaja? Mwishowe baba akabaki peke yake na sinia la watu wanne.

"Na akalila lote?"

"Lote. Anafuta na kidole."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote."

"Na wewe umekaa unamtazama!"

"Chakula cha mama mkwe," akasema mume wangu, "mimi nitakisemaje?"

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimefunga na majibu niliyokuwa nayo yangenifunguza. Nikamgeukia baba. Alikuwa amefumba macho akijifanya mgonjwa, kitu ambacho alikuwa kweli.

"Mtume hakuwahi kukitia chakula ila," akasema, macho bado ameyafumba.

"Najua, baba. Umenifundisha mwenyewe. Akikipenda alikula. Na asipokipenda?"

Akavuta shuka hadi kidevuni.

"Asipokipenda, baba?"

"Aliacha," akasema mzee wa kitanda cha jirani, ambaye hatukumjua na hatukumuuliza.

Baba akafumbua macho. Nilidhani atanikaripia. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea, "Sinia likirudi na kitu, mama yako halali. Mwaka ule mvua iliponyesha watu hawakuja msikitini, lilirudi nusu. Alikaa macho mpaka daku, anajiuliza amekosea wapi. Miaka arobaini ananipikia. Mimi nikamvunje moyo kwa siku moja ya chumvi?"

"Siku ishirini na mbili, baba. Na umelazwa."

"Najua nimelazwa."

Nikasema basi mimi nitamwambia. Alasiri akija namwambia hapa hapa, mbele ya nesi, tujue moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sikuwa tayari kuumbuliwa kwa ajili ya sinia. Baba akaninyooshea kidole, kile kile cha kufutia sinia, akasema, "Wewe huna ulimi wa kumwambia mtu jambo kama hilo. Nitamwambia mwenyewe." Nikaumia, kwa sababu ni kweli.

Mama akaja alasiri, amevaa baibui la kutokea. Kitu cha kwanza alichotazama si baba, ni hotipoti. Akafungua. Imejaa.

"Hukula?"

Baba akajiweka sawa kwenye mto. Akaanza. Akasema ndizi zilikuwa laini. Akasema samaki amekaangwa vizuri, hakuvunjika. Akasema tui. Alikaa kwenye tui muda mrefu, nikamwona mume wangu anaangalia saa. Akasema tangu amwoe hajajuta hata siku moja, na mzee wa kitanda cha jirani akasema mashallah. Nikakohoa.

"Lakini," akasema baba, "chumvi imezidi."

Mama akafunika hotipoti.

"Imezidi kiasi gani?"

"Kidogo."

Nikakohoa tena.

"Sana," akasema baba.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uandame."

Mama akakaa pembeni mwa kitanda. Nilimsubiri akasirike. Ningefurahi angekasirika, hasira naielewa. Akasema, "Sisikii ladha. Tangu yale mafua. Chumvi, sukari, pilipili, kwangu yote maji. Nikajua itarudi. Naonja kwa ncha ya ulimi kama siku zote, sisikii kitu, nasema labda nimesahau kutia, natia tena. Halafu naliona sinia limerudi tupu. Nasema alhamdulillah, mkono wangu bado unajua."

"Na leo?" nikamuuliza. "Si nesi alikataza?"

"Leo nilitia chembe, asile kama mfungwa. Nikaonja, nikaona sijatia."

Hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama baba, miguu yake iliyovimba, ile sindano ya dripu iliyopachikwa mkononi mwake.

"Ningekuua," akamwambia. "Ningekuua kwa mkono wangu, na wewe unanishukuru."

Akalia. Mama yangu hakulia msibani kwa mama yake, alikuwa anahesabu vikombe vya kahawa. Siku ile alilia mbele ya wodi nzima, na baba akamshika mkono mbele ya wodi nzima, jambo ambalo katika maisha yangu yote sikuwahi kuliona hata sebuleni. Mume wangu akatoka nje. Mimi nikabaki pale na hotipoti, nina aibu. Nilikula chakula kile jioni moja, nikajua, nikarudi kwenye cherehani.

Watu husema katika mambo kama haya mtu hujifunza. Mimi nilijifunza kumuuliza mume wangu maswali mengi zaidi, na yeye amejifunza kujibu la kwanza. Nimejifunza pia kwamba mtu anaweza kushukuru mpaka akamnyima mwenzake neno moja la kumsaidia. Baba alidhani anamstahi mama. Kumbe alimwacha gizani peke yake na ulimi uliokufa, mwezi karibu mzima, anapapasa.

Baba aliruhusiwa baada ya siku mbili. Katika nyumba zetu, Ramadhani, mpishi mwenye wasiwasi na chungu chake huonjewa na mtu asiyefunga. Kwa kawaida ni mwanamke aliye kwenye siku zake, naye haitwi kwa mdomo, huitwa kwa jicho, akaja jikoni kimya kimya akaonja akaondoka. Kwa mama hapakuwa na mwanamke wa namna hiyo tena. Lakini sasa palikuwa na mzee wa miaka sabini na kitu aliyekatazwa kufunga.

Mama akampeleka jikoni. Akamkalisha kwenye kigoda, yeye na kofia yake, karibu na jiko la mkaa. Nilikuwepo, nimeacha magauni manne hayajatiwa pindo. Mama akachota tui kwa mwiko, akamdondoshea tone kiganjani, kama anavyoonjeshwa msichana anayejifunza kupika. Nesi alikuwa amekubali tone, si zaidi. Baba akalamba.

Nilimwona anahangaika, yale maneno yake ya miaka arobaini yamejaa mdomoni yanataka kutoka. Mama amesimama na mwiko.

"Sema," akamwambia.

"Tui ni zuri sana..."

"Sikukuuliza tui."

Baba akapangusa kiganja kwenye kikoi chake.

"Hauna ladha," akasema. "Umepooza kabisa. Sijui mtu ataulaje muhogo huu."

Mama akaweka mwiko chini, akasema, "Alhamdulillahi rabbil alamin," akachukua chumvi kwa vidole viwili. Nikatoka uani nikisema naenda kutema mate. Nililia huko nyuma ya tangi la maji, na sioni haya kusema.

Ladha ya mama haijarudi mpaka leo. Baba bado anaonja. Kila siku kabla ya adhuhuri nawasikia kutoka dirishani kwangu: amesema imezidi, amesema haijazidi, ulimi wako umezeeka, basi onja mwenyewe, nitaonjaje nawe unajua. Ni ugomvi ambao nyumba ile haikuwahi kuwa nao kwa miaka arobaini. Nikiusikia nasimamisha cherehani mpaka uishe, na siku nisipousikia naenda kuwagongea mlango.