Viatu Juu, Shemasi Chini

Jumamosi moja ya joto, kanisa letu la East Side, hapa Buffalo, Marekani, lilikwenda kijitoni kubatiza. Mimi ni shemasi. Binti yangu Neema akaniletea raba zangu kuukuu.

"Papa, vaa hizi. Mawe zinateleza."

Nilicheka. Kwetu milimani, Kivu ya Kusini huko Kongo, kiatu kilikuwa cha kanisani. Mto tuliuvuka pekupeku, viatu tumevishika juu visilowe.

"Bon, muangalie mtoto wa milimani!" nikatangaza, nikavua.

Hatua chache tu, nyayo zangu zilizozoea soksi na buti za kazini zikashindwa. Jiwe hili linateleza kama sabuni, lile linachoma. Donc, shemasi mzima nikapiga magoti, nikatambaa kama mtoto mchanga, tai majini, viatu vya kung'aa nimeviinua juu. Kwaya ilishindwa kuimba kwa kicheko.

Mama yangu, aliyenifundisha kuvua viatu mtoni, akanifikia akitembea wima. Miguuni alivaa raba nilizozikataa, amezifunga kamba vizuri.

Akanipa mkono.

"Mwanangu," akasema, "ile miguu tuliiacha kule."