Ustadhi Asiyeamini

Siku Zaidi alipokutwa na chapati mdomoni mchana wa Ramadhani, aliyemkuta alikuwa baba yake mzazi.

Na baba yake, jamani, ndiye mwadhini wa msikiti.

Subirini, bado. Alikuwa amejibanza nyuma ya geti. Geti lenyewe lilikuwa la msikiti.

Ngoja nisimulie taratibu. Zaidi ameniruhusu, kwa sharti kwamba majina ya mgonjwa mmoja na mama yake niyabadili. Nimeyabadili.

Zaidi ni fundi wa kuchomelea, pale Chanika, Handeni mjini. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Wazee wa msikiti walipotaka geti jipya hawakuhangaika. Walimpa kazi mtoto wa Mzee Mdoe.

Wasichokijua ni kwamba mtoto wa Mzee Mdoe alishaacha kuamini. Kitambo tu.

Hakuna aliyemlaghai. Hakugombana na mtu. Anasema ilikuwa kama jino linalolegea: leo unaligusa kwa ulimi, kesho unaligusa, siku moja halipo. Alisujudu, akagundua anaongea peke yake.

Akanyamaza. Utamwambia nani, Handeni? Akaendelea kwenda msikitini, safu ya kwanza, bega kwa bega na baba yake.

Sasa siku hiyo jua lilikuwa kali, na ile kazi inakausha koo. Zaidi akaliegemeza geti ukutani, akajipenyeza nyuma yake na chapati zake na maharage.

Mara akasikia, "Geti lenyewe ndio hili?"

Wazee wa msikiti. Wamekuja kulikagua, na baba yake yumo. Mmoja akalivuta kidogo aone bawaba.

Hee!

Mdomo umejaa. Kumeza hawezi, kutema hawezi.

Wazee wakamgeukia Mzee Mdoe. Mzee Mdoe akamtazama mwanawe weee, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Funika chakula chako, nzi wataingia."

Akaondoka zake.

Bora angemzaba kibao.

Jioni ile adhana ya magharibi ilitoka kwa sauti ya mtu mwingine. Kesho yake, vilevile. Watu wakaanza kuulizana kama mzee anaumwa. Haumwi. Alikuwa anaona haya kushika kipaza sauti awaite watoto wa wenzake, wakati wa kwake hakuitika.

Zaidi aliisikia ile sauti ngeni akiwa chumbani. Akavuta shuka, akajifunika mpaka uso. Kisha akafunga begi.

Akaenda Korogwe, Kwamndolwa, kwa shangazi yake Mwaija, dada wa Mzee Mdoe. Habari zilikuwa zimeshamtangulia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Shangazi akashusha pumzi. "Kwangu utalala, na utakula. Mengine ni yako na Mola wako. Na usinijibu, maana najua utakachosema."

Akakaa. Kazi hakutafuta. Kulala, kuamka, kuhesabu misumari ya bati.

Moto wa jehanamu alishaacha kuuogopa. Kilichomtisha kilikuwa asubuhi. Aamke kwa ajili ya nini? Zamani swala tano zilimgawia siku, hata alipokuwa anaziigiza. Sasa siku ilikuwa ndefu tu, haina pa kushika.

Siku moja shangazi akampa chupa ya uji ampelekee jirani yao aliyelazwa. Kufika wodini, jirani ameruhusiwa tangu asubuhi.

Kitanda cha pili alilala mzee wa Kimasai, anaitwa Moringe. Fahali alimvunja paja. Ndugu zake walikuwa mbali nyikani na ng'ombe, hawajafika. Na wote tunajua, ukilazwa bila mtu wa kukuletea chakula utakula kwa macho.

Mzee hakuomba. Aliitazama tu ile chupa.

Zaidi akammiminia. Mzee akanywa, akaongezwa, akanywa, akajifuta mdomo kwa lubega lake.

"Kesho unakuja?"

"Nakuja," Zaidi akajibu, hata kabla hajafikiri.

Basi, kesho yake aliamka kabla ya shangazi. Akawasha moto mwenyewe, akakoroga uji mwenyewe.

Kutoka kwa Moringe akahamia kitanda kinachofuata. Mara anamnyoa huyu ndevu, mara anamgeuza yule mgongo usichubuke. Mchana akapata kibarua cha kuchomelea, hela ya unga ikapatikana. Siku zikaanza kuwa na uzito mkononi. Akawa analala usingizi.

Ila kosa likaingia, taratibu, kama maji chini ya mlango.

Wagonjwa wakaanza kumwita Ustadhi. "Mungu akulipe, Ustadhi." Naye anaitikia, "Amin."

Neno dogo tu. Lakini lilimnogea! Mtu aliyeaibisha ukoo Handeni, Korogwe anaitwa Ustadhi. Akanunua na kofia. Kofia, ndugu zangu.

Hapo ndipo alipoingia Bi Hamisa, mama wa Kizigua kutoka Mashewa, na mwanawe Iddy, kijana mkubwa. Malaria ilikuwa imempanda Iddy kichwani. Hatambui mtu. Dripu inaingia, yeye haamki.

Siku ya pili, saa ya kutazama wagonjwa, wodi imejaa, Iddy akaanza kukoroma vibaya. Nesi akatoka mbio kumwita daktari. Bi Hamisa akamshika Zaidi mkono.

"Ustadhi, mwanangu anaondoka. Mtamkishe shahada. Mimi sauti haitoki."

Watu wote wakageuka.

Zaidi anasema angeweza kuinama, akasema, yakaisha. Nani angejua? Lakini alimtazama yule mama, akaona hapa sasa anaiba kitu kikubwa kuliko amin.

Akaivua kofia.

"Mama, nisamehe. Mimi si ustadhi. Mimi hata kuamini siamini. Nimewadanganya."

"Astaghfirullah!" mtu mmoja akasema. Uso wa Zaidi ukawaka moto. Alitamani sakafu ipasuke.

Bi Hamisa hakumwachia mkono. "Maneno unayajua?"

"Nayajua."

"Basi sema. Nimekuomba mdomo, baba. Imani anayo mwenyewe."

Zaidi akainama sikioni kwa Iddy. Maneno yakamtoka kwa mahadhi ya Mzee Mdoe, maana mengine hakuwahi kujifunza. Machozi yakamdondokea mgonjwa shavuni.

Msije mkadhani imani ilimrudia. Haikurudi. Alikuwa analia kwa aibu.

Daktari akaja, wakatolewa nje. Zaidi hakusubiri, akaenda nyumbani, akaapa harudi tena wodini.

Asubuhi alikaa tu kitandani. Shangazi akagonga mlango. "Uji wa watu unapoa."

Akaenda. Wapo waliogeukia ukutani. Mmoja aliyekuwa akimwita Ustadhi kuliko wote alikisukuma kikombe. Zaidi akakiokota, akakisuuza. Moringe akanyoosha mkono kama kila siku, hakuuliza kitu.

Na Iddy? Iddy hakufa. Homa ilishuka, siku zikapita, akaweza kukaa na kushika kikombe mwenyewe.

Siku moja Bi Hamisa alitoka kufua. Iddy akachungulia mlangoni, kisha akamvuta Zaidi karibu.

"Kaka, nimesikia ulivyosema siku ile mbele ya watu. Wameniambia."

"Nisamehe bana."

"Nikusamehe nini?" Sauti ikashuka. "Hata mimi sina."

"Huna nini?"

"Hiyo imani mama aliyosema ninayo. Sina, miaka sasa. Nafunga naye, naswali naye, moyoni patupu. Wewe umesema wodi nzima inasikia. Mimi nimeshindwa kumwambia mtu mmoja." Akafunika uso kwa viganja. "Usimwambie mama."

Zaidi, aliyetoka kusema ukweli mbele ya wodi nzima, sasa amebebeshwa uongo wa mwenzake.

"Simwambii," akasema. "Si wangu wa kusema."

Iddy akashusha viganja, akauliza lile swali la Zaidi mwenyewe. "Sasa wewe unaishije? Asubuhi unaamkia nini?"

Zaidi akatafuta jibu la maana, la kitabuni.

"Uji," akasema. "Kuna watu wanasubiri uji."

Jioni ile alimpigia baba yake, kwa mara ya kwanza tangu aondoke.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, nisamehe kwa kukudanganya. Kwa kutoamini siwezi kukuomba samahani, nitakuwa nadanganya tena. Lakini kile kujificha, baba, kinaniuma."

Zaidi akadhani simu imekata.

"Mimi sikuelewi, Zaidi," mzee akasema mwishowe. "Na sidhani kama nitakuelewa. Ila usiache kupiga."

Ndiyo hivyo. Mimi niliyewasimulia naswali, na nitaendelea kuswali. Lakini siku hizi kabla sijamhukumu mtu kwa asichokiamini, najiuliza kwanza nani anamsubiri asubuhi, na mimi nani ananisubiri. Swali la pili huwa linanitia haya.

Wodini wapo wanaokikataa kikombe mpaka leo. Zaidi hukipitisha hivyohivyo.