Upana wa Dhiki

Udongo wa Giakanja ukilowa mvua ya Aprili hunukia hadi mtu akatamani kuupaka kwenye mkate. Msimu huo mama alikuwa ameacha ndoa, akarudi kwao na sisi watoto wawili, na wazee wakamkatia kipande cha shamba la babu, kuanzia barabarani juu hadi mtoni chini. Urefu usiulize, treni ingepita. Lakini upana! Kuku wetu akitaka kugeuka, ilibidi ateremke kinyumenyume mpaka mtoni. Mpakani wazee walipanda itoka, ua ambalo kwetu likishapandwa halingʼolewi, kwa maana anayelingʼoa huwaletea watoto wake laana. Kumbe mjomba Gathogo, jirani yetu wa upande huo, laana haikumtisha. Udongo ulipolainika, kila tulipotoka kanisani tuliyakuta maua yamesogea kwetu, na maharagwe ya mama yamebaki ngʼambo.

“Kaka, hii mpaka inatembea?” mama akamuuliza.

“Ni mvua, Wangui. Na wewe huna bwana, ati shamba kubwa ni ya nini?”

“Ya kugeukia tu.”

“Basi ngʼoa maua urudishe, kama unaweza.”

Mama akatutazama, mimi na dada yangu. Hakugusa ua hata moja. Alingʼoa maharagwe yake machanga, akayapanda upya upande wetu, na wiki iliyofuata akayangʼoa tena. Mwishowe itoka ilifika mlangoni pa jikoni, na mama akawa anaingia ubavuubavu, sufuria kichwani, sisi tukimwigiza na kuangua kicheko.

Miaka mingi baadaye, katika shule ya usiku mjini Nyeri, mwalimu Salma alitueleza kwamba neno dhiki tulilipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni wembamba, kubanwa. Darasa zima lilinijua kwa kelele. Jioni hiyo nilitoka mlangoni ubavuubavu, wakadhani ni mzaha wangu.

Leo nina ploti huko Chaka, tambarare, ndege ingetua na abiria wake. Nimemleta mama. Amelima mstari mmoja wa maharagwe kando ya sengʼenge, kwingine kote ni magugu. Juzi nikachukua jembe, nikaanza kulima katikati. Mama akaja mbio, akanishika mkono huku akitazama barabarani, kana kwamba Gathogo anakuja na itoka yake.

“Wacha,” akaninongʼoneza. “Watatuona.”