Salamu Iliyotangulia Barua

Sijui kama naandika vizuri, shule niliiacha mapema. Mama alitaka kitu kimoja tu: asome mwenyewe barua ya mwisho ya baba. Baba aliituma kutoka Kigoma, akafia huko kabla hajarudi kwetu Rumonge. Aliiandika kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu, na hizo ndizo peke yake mama anazozijua. Karatasi imefifia, macho ya mama nayo yamechoka.

Mwingine angeipiga picha akaikuza kwa simu, na pengine ingetosha. Mimi nilitaka kuitoa kwenye skrini kwa programu ya C, lugha ya kuipa kompyuta amri, ambayo najifunza kidogo kidogo kwenye kompyuta ya mutumba. Labda nilitaka tu kukaa na mwandiko wake.

Nikanakili herufi moja moja. Katika C zinaitwa herufi pana, maana hazienei kwenye nafasi ya herufi za kawaida, na zina amri yake ya kuzitoa kwenye skrini, putwchar. Kwa kuwa baba hakuanza barua bila salamu, na mimi nikatanguliza salamu kwa amri niliyoizoea, printf, kwa Kirundi na kwa herufi za Kilatini: Amahoro, mama.

Salamu ikatokea. Chini yake hakuna kitu.

"Hizi ni herufi za shule," mama akasema. "Umeniletea bahasha. Barua iko wapi?"

Nikailaumu mashine, nikamlaumu hata aliyeniuzia. Nilimuonea. Siku ya tatu ndipo nikaelewa: njia ya kutokea inashika tabia ya kile kilichopita kwanza. Ikitangulia printf, herufi pana zinakataliwa mpaka programu iishe. Salamu yangu ndiyo iliyomfungia baba mulango.

Nikaiandika salamu nayo kwa herufi pana. Barua ikatoka, ila si kama yake: ilianzia kushoto badala ya kulia, na herufi zilisimama mbalimbali, hazikushikana.

"Baba yako alikuwa anaziunganisha."

"Najua, mama. Hapo nimeshindwa."

"Nyamaza, nasoma."

Akafuata kwa kidole, polepole, hadi pale baba anaposema akipata nafasi kwenye boti atakuja, muniwekee samaki wa ndagala.

"Tuliweka," mama akaiambia skrini.

Kisha akaniomba niitoe tena, kuanzia kwenye salamu.